Kitanda cha Wamama wa Maji

Jumanne tarehe kumi na tano Julai, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, ndiyo siku mambo yangu yaliharibika. Watu wakinipa pole hutaja Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo mke wangu alikufa. Nawaacha waseme. Mimi nasema ni Jumanne, mchana, saa za chakula, wakati mtu ambaye mpaka leo simjui alimwambia Karwirwa, mke wangu, ainuke kitandani.

Wacha nieleze polepole, kwa maana nikiharakisha nachanganyikiwa mimi mwenyewe.

Naitwa Nthiga. Nakaa chini kidogo ya Runyenjes, pale majani chai yanaishia na kahawa inabaki peke yake. Shule niliachia darasa la tano, na wakubwa wa ofisini wananijua. Wakiniona nakuja wanageuza mazungumzo yawe Kizungu. Mke wangu alikuwa Mmeru wa Laare, huko juu kwenye miraa. Nilipoenda kumposa, vijana wenzangu waliniuliza kama wasichana wa Embu wameisha. Alikaa kwangu mpaka nywele zikaingia mvi, lakini Kiembu chake hakikuacha kunuka Laare. Akikasirika alirudi Kimeru chote, nami nikawa naambulia nusu ya matusi.

Hospitali yetu si kubwa. Wodi ya zamani ya wanawake ilikuwa imejaa siku zote, wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, nyayo za mwenzako ziko karibu na pua yako. Basi wakatujengea wodi mpya. Nzuri, sikatai. Bati la kijani, madirisha makubwa, sakafu ya kuteleza. Halafu ikakaa. Ikakaa mpaka njiwa wakahamia. Tukiuliza tunaambiwa vitanda viko njiani. Mimi nikawa najiuliza, hivi vitanda vinakuja kwa miguu?

Ndipo mkubwa mmoja wa afya akaja kwenye baraza ya chifu. Sitamtaja jina, anajijua. Mtu mnene, sauti tamu kama ya mwalimu wa kwaya.

"Watu wangu," akasema, "nyumba tumewajengea. Sasa kweli mtashindwa na kitanda? Kila kikundi kilete kimoja. Tutakiandika jina lenu, na mgonjwa wenu akija, atakuta kitanda chake kinamngojea."

Tukapiga makofi. Hata mimi. Mtu akikuambia neno tamu kwenye jua kali, mikono inajipiga yenyewe.

Sasa mnajua watu wa kwetu na mambo ya vikundi. Hapa mtu haoi wala hazikwi bila kikundi. Viti vya matanga ni vya kikundi, hema ni la kikundi, sufuria kubwa za harusi ni za kikundi, na kila kitu kimeandikwa jina kwa rangi nyekundu ili kisipotelee kwa watu. Ukiazima sufuria, na wenyewe wakapatwa na shughuli ya ghafla, unairudisha. Hata kama wali wako haujaiva, unaumwaga kwenye karai unairudisha. Hakuna anayekasirika, ndivyo tunavyoishi. Basi sisi tulichukua vitanda vya hospitali tukavifanya kama sufuria.

Na hakuna mkubwa aliyesema, ngojeni, kitanda cha mgonjwa si sufuria. Hiyo ndiyo kazi yao, ama kazi yao ni gani?

Vitanda vikaja. Watu wa bodaboda walileta chao kimepakwa rangi kama pikipiki, na mistari ile ya kumulika gizani, mgonjwa akilala pale unaona kama atapiga honi. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wakaleta. Kanisa likaleta. Wamama wa mradi wa maji wakaleta chao, kipana kushinda vyote, kwa sababu mwenyekiti wao Veronicah hapendi kushindwa. Kikundi cha mke wangu kinaitwa Upendo. Walileta kitanda cha kawaida tu, lakini Karwirwa akakifumia kitambaa kwa mkono, cha uzi mweupe na maua ya zambarau, kama vile vya kufunika viti vya sebuleni.

"Mgonjwa atatapikia hicho," nikamwambia.

"Atatapika akiwa kwenye kitu kizuri," akanijibu, na sindano haikusimama.

Siku ya kufungua wodi kila kikundi kilisimama kando ya kitanda chake kikapigwa picha. Mkubwa akakata utepe, akasema sasa hospitali imepanuliwa, vitanda vimezidi mara tatu, shida ya kulala wawili wawili imekwisha. Mzee mmoja nyuma akauliza kama manesi pia wamezidi mara tatu. Watu wakacheka. Mkubwa naye akacheka. "Hilo tunalishughulikia, mzee," akasema. Tukaenda kula.

Baada ya hapo mambo yakaenda kivyao. Wamama wa kila kikundi walikuwa na zamu ya kufua shuka na kupangusa kitanda chao. Hospitali ikanyamaza; nani anakataa kufuliwa? Mgonjwa akifika pale mlangoni, kabla hajaulizwa anaumwa wapi, anaulizwa, "Wewe ni wa kikundi gani?" Kama huna kikundi, wodi ya zamani, kichwa huku miguu kule. Ama unalazwa kwenye kitanda cha watu kama kiko wazi. Wenyewe wakileta mgonjwa wao, unapisha. Halikuandikwa popote. Lilikuwa linajulikana tu.

Sasa tuje Julai. Julai kwetu jua halionekani, ni ukungu na manyunyu ambayo hayaishi, na vifua vya watu vinaanza kulia. Karwirwa alianza kukohoa akikata nyasi ya nepia ya ng'ombe. Akasema ni homa tu. Jumapili akaenda kanisani hakuimba, na yeye kuimba alikuwa anaimba hata akioga. Jumatatu asubuhi nikaita bodaboda, tukambeba katikati yetu mpaka hospitali. Daktari akasikiliza mgongo, akasema nimonia, na imeshika pande zote mbili. Awekewe oksijeni.

Nesi wa wodi alikuwa Sista Lorna, msichana wa Kinoru, Meru mjini. Karwirwa akamsikia akiongea na simu, akamsalimia kwa Kimeru, na kuanzia hapo mimi nikawa kama mgeni. Kitanda cha Upendo kilikuwa na mtu, mama mkwe wa Cicily, mmoja wa kikundi chao, amevunjika nyonga na yuko hapo tangu Pasaka. Kitambaa cha maua kilikuwa kimemfunika magoti. Lakini hata kingekuwa wazi hakingetufaa. Paipu ya oksijeni imetoka ukutani upande wa dirisha, na kitanda kilichokuwa chini yake kilikuwa cha Wamama wa Maji. Hakikuwa na mtu. Lorna akamlaza hapo.

Karwirwa, pumzi hana, lakini macho yako kwenye yale maandishi mekundu.

"Hiki ni cha akina Veronicah," akasema.

"Lala, mama," Lorna akamwambia. "Veronicah hawezi kupumua kwa niaba yako."

Nikamwacha na paipu puani, uso umerudi rangi yake. Akanituma uji. "Wa wimbi," akasema. "Ukiniletea wa mahindi nitakurudishia." Nikaenda kukamua ng'ombe nikiwa na amani. Nakumbuka nilipiga mluzi njiani.

Jumanne mchana nikafika na chupa ya uji. Kwenye kitanda cha Wamama wa Maji kulikuwa na msichana simjui, mguu umefungwa bendeji umewekwa juu ya mto. Mguu, si kifua. Paipu ya oksijeni ilikuwa inaning'inia ukutani, inapuliza, ssss, haipulizii mtu.

Karwirwa nilimkuta nje kwenye benchi la veranda. Amejifunga leso mpaka masikioni. Mfuko wake wa nguo ameuweka mapajani kama mtu anayengojea kuitwa gari lake. Midomo ilikuwa imeiva rangi ya yale maua ya kitambaa.

"Mama Karimi! Unafanya nini hapa?"

"Nimepisha."

"Umepisha nani?"

"Wenyewe." Alikuwa anasema neno, anapumzika, anatafuta lingine. "Nimeambiwa niwapishe wenyewe."

"Umeambiwa na nani?"

Akaniangalia. Wale mmeishi na mke miaka mingi mnajua jicho hilo. "Baba Karimi, usianze. Hapa ni hospitali."

"Nakuuliza ni nani!"

"Ukimjua utamfanya nini? Utampiga?" Akakohoa, akashika kifua. "Nipe uji. Utapoa."

Sikumpa. Niliingia ndani na chupa mkononi nikipiga kelele. Lorna akaja mbio kutoka wodi ya wanaojifungua, mikono ina glavu, kwa sababu alikuwa peke yake wodi mbili. Akaona kitanda, akaona paipu, akaona mimi.

"Nani amemtoa?" akauliza.

Yaani niliyetaka anijibu ndiye aliniuliza. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuzunguka, na sidhani kimewahi kusimama.

"Wewe ndiye sista!" nikamwambia. "Wewe ndiye unafaa kujua!"

"Baba, mimi nimetoka hapa mama yuko kwenye oksijeni. Nimeitwa mtoto anatoka vibaya." Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Wameongeza vitanda. Mimi hawakuniongeza."

Tukamwingiza Karwirwa ndani, mimi huku, Lorna kule. Lorna akataka yule msichana ahamishwe. Msichana akaanza kulia. Mama yake akasimama, akasema kitanda ni chao, walikichangia, kila mtu anajua. Na mke wangu, ambaye hata kusimama hawezi, akainua mkono.

"Msimwinue mtoto wa watu," akasema.

Ikabidi alazwe kwenye kitanda cha bodaboda, mwisho kabisa karibu na mlango. Lorna akaenda kutafuta mtungi wa oksijeni, akaukokota mwenyewe, na ule mtungi ulikuwa wa kubembeleza, mara unatoka, mara unakataa. Saa za kuona wagonjwa zikaisha, askari wa geti akanitoa. Jumatano asubuhi nilirudi na uji mwingine. Lorna alikuwa amesimama mlangoni ananingoja, na nesi huwa hana nafasi ya kusimama mlangoni bure. Nikajua.

Daktari alisema hata na paipu ya ukutani huenda hangepona. Huenda. Mimi na hilo neno tutaulizana siku moja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo panachanganya. Sikutaka mambo mengi. Sikutaka kushtaki mtu wala kulipwa. Nilitaka jina. Nilikuwa najua watu wa Laare watakuja kumzika dada yao, na jambo la kwanza wataniuliza ni alikufaje, na nilitaka niwe na jibu lenye kichwa na miguu.

Nikaanza na Veronicah. Nilimkuta pale kwenye tangi la mradi. Aliponiona akaweka ndoo chini.

"Nthiga, ukitaka kunipiga nipige," akasema. "Lakini mimi sikumwambia Karwirwa kitu."

"Mlileta mgonjwa wenu, mkamtoa wangu."

"Tulileta, ndiyo. Mtoto wa mwenzetu amegongwa na pikipiki. Tulikikuta kitanda kitupu. Shuka limekunjwa vizuri mara nne, liko mwisho wa godoro. Tukasema, ahsante Mungu."

"Mtu wa nimonia atakunja shuka?"

"Karwirwa?" Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Unamjua mke wako wewe? Huyo angekunja shuka hata nyumba ikiwaka moto."

Hapo alinishinda. Na akaona hivyo akaongeza lingine ambalo afadhali angekaa nalo.

"Na hiyo sheria ya kupisha, unajua aliyeileta ni nani?"

"Ni nyinyi watu wa maji."

"Ni mke wako. Kitanda cha Upendo kilikuwa kimelaliwa na mtu wa mbali, na mtu wao mwenyewe yuko kwenye benchi. Vikundi vyote tukakaa. Karwirwa ndiye alisimama. Akasema, sufuria tunarudishia wenyewe, kitanda kina tofauti gani? Sisi wote tukasema ni kweli."

Nilirudi nyumbani nikapita geti langu, nikaenda mpaka kwa jirani ndipo nikashtuka. Kama sheria ni yake, labda aliona wale wamama wanaingia na mtoto wao akainuka mwenyewe. Lakini aliniambia, "Nimeambiwa." Hakuwa mwanamke wa uongo. Sasa mtu anaweza kuambiwa na nani kama hakuna aliyesema? Na wale wamama wanasema walikuta kitanda kitupu. Kwa hivyo aliondoka kabla hawajaingia. Basi aliwaonaje?

Nikaenda kwa Oscar. Huyu ndiye msimamizi wa hospitali, kijana mwenye shati jeupe na ofisi yenye pazia. Alinipa kiti na akanipa pole vizuri, sitamsingizia.

"Mzee wangu," akasema, "vitanda vyote ni vya hospitali. Mgonjwa hahamishwi na mtu yeyote isipokuwa kwa amri ya daktari."

"Daktari alitoa amri?"

"Hapana."

"Basi alihamishwa na nani?"

"Ndiyo nakueleza. Kwa utaratibu wetu, hawezi kuhamishwa."

"Lakini nilimkuta kwenye benchi."

"Pengine alitoka kuota jua."

"Jua gani la Julai?"

Akachezea kalamu. Nikamuuliza, na yale majina mekundu, ni ya nini? Akasema ni ya kushukuru wafadhili tu, hayana maana nyingine. Nikamuuliza kama wamewahi kutuambia hivyo. Akasema haikuhitajika, ni jambo linaloeleweka.

Linaeleweka na nani? Sisi tuliambiwa na mkubwa wake, mbele ya chifu, kwamba kitanda kitakuwa kinangojea mtu wetu. Tukaamini. Sasa naambiwa kwamba jambo tulilofanya mwaka mzima, mchana, mbele ya macho yao, wakitupa sabuni ya kufulia, halikuwepo. Kwa hivyo mke wangu aliuawa na kitu ambacho hakipo. Nilitoka pale nikashindwa kupata mlango, nikafungua kabati lake.

Siku ya mazishi watu walijaa. Viti vya Upendo, hema la kanisa, sufuria za Wamama wa Maji, ndiyo, walileta sufuria zao wenyewe na wakapika. Watu wa Laare walikuja na gari mbili, wakiongozwa na Muthamia, kaka yake Karwirwa. Muthamia ni mkulima wa miraa, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyaleta yamenolewa.

Na yule mkubwa wa afya naye akaja. Hawa hawakosi matanga. Akapewa kipaza sauti. Akasema Karwirwa alikuwa mwanamke shujaa wa maendeleo, mmoja wa waliopanua hospitali yetu. Akasema hatakufa bure. "Naahidi mbele ya jeneza hili," akasema, "tutaongeza vitanda vingine, na cha kwanza kitaitwa kwa jina lake!"

Watu wakapiga makofi. Matangani! Niliangalia mikono yangu, safari hii ilikuwa imetulia.

Tukafika kaburini. Kaka anafaa kuwa wa kwanza kutupa udongo upande wa kwao. Muthamia akainama, akachota, akasimama na udongo kwenye ngumi.

"Muthoni," akaniita. Hivyo ndivyo tunavyoitana sisi tuliooleana. "Kabla sijamfunika dada yangu. Nimesikia alitolewa kitandani. Nani alimwambia ainuke?"

Veronicah akamwangalia Lorna. Lorna alikuwa amekuja na sare zake, akamwangalia Oscar. Oscar akamwangalia mkubwa. Mkubwa akaangalia simu.

"Muthoni," nikasema, "ni hawa wakubwa. Walituahidi..."

"Sikuuliza aliyeahidi. Nauliza aliyemwambia. Mdomo wa nani?"

"Sijui."

"Alikuwa mke wako, na hujui?"

"Alikataa kuniambia."

Sikupenda vile alinitazama. "Alikataa kukuambia wewe," akasema, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akatupa udongo. Akapangusa mkono kwa suruali. "Ukijua, uje Laare uniambie. Kabla ya hapo usije. Hata kukiwa na harusi, usije."

Wakapanda magari bila kula. Kwetu mtu wa mkeo akiondoka bila kula, hiyo si hasira ya kuisha kesho. Msichana wangu Karimi akiolewa, wajomba wake lazima wawe pale. Sasa nitawaita na mdomo gani?

Nikauliza kila mtu. Nilimuuliza mama mkwe wa Cicily, yule wa nyonga, alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale. Akasema aliona Karwirwa anaongea na mtu. Nikauliza ni mwanamume ama mwanamke. Akasema mwanamke. Kesho yake akasema hapana, alikuwa anaomba. Nikamuuliza mfagiaji, akasema siku hiyo hakuwa zamu. Nikamuuliza askari wa geti, akaniuliza nimetumwa na nani. Kila ninayemuuliza anajibu swali lingine.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Lorna akanipigia simu. Mkubwa alikuwa ametimiza ahadi. Kati ya ahadi zake zote, ndiyo moja aliyotimiza, na ndiyo sikuitaka.

"Baba, njoo ukione," Lorna akasema. "Nimekiweka kwenye oksijeni. Na kitambaa chake nimekihamishia hapo."

Sikutaka kwenda. Halafu nikaenda. Nilinyoa ndevu, sijui kwa nini.

Kilikuwa pale kwenye dirisha, chini ya paipu. Cha Wamama wa Maji kilikuwa kimesukumwa kando. Kichwani kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, KARWIRWA. Na chini ya kitambaa chenye maua ya zambarau alikuwa amelala mama mmoja mzee, mwembamba, mtu wa Mbeere huko chini kwenye ukame, maana nilimsikia akiguna kwa Kimbeere. Paipu puani. Hakuwa na mtu wa kumuona. Lorna alikuwa huko upande mwingine anasukuma dawa kwenye mshipa wa mtu; bado yuko peke yake.

Nikasimama pale nasoma lile jina. Sikusema kitu, naapa. Sikuita, sikukohoa. Nilivua kofia tu.

Yule mama akafungua macho. Akaniona. Akaona kofia mkononi, akaona ninavyosoma kichwani pa kitanda. Akatoa paipu puani kwa vidole viwili. Akashusha mguu mmoja ukatafuta kiatu. Halafu akavuta kile kitambaa, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, anatweta.

"Mama, unafanya nini?"

"Nitakaa hapo kwa benchi," akasema. "Usijali, mwanangu, leta mgonjwa wako. Niliambiwa wenyewe wakija niwapishe."

Nilimshika mabega nikamrudisha kwenye mto. Nikamrudishia paipu, nikairudisha vibaya, akaipanga mwenyewe. Tayari nilikuwa naiona barabara ya Laare wazi mbele yangu, naona geti la Muthamia, naona jinsi nitakavyoingia na jina.

"Lala, mama. Mimi sikutoi. Mimi si mwenye kitanda." Nikapiga magoti nikawa sawa na uso wake. "Lakini niambie kitu kimoja tu. Ni nani alikuambia?"

Akaangalia mlango. Akamwangalia Lorna kule mbali, ametugeuzia mgongo. Akaangalia vitanda, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na jina lake, kama mtu anayetafuta uso aliowahi kuuona. Kisha akanigeukia, naye pia amechanganyikiwa, na kitambaa bado amekishika kifuani nusu kimekunjwa.

"Sasa mama," nikasema, "si ulisema uliambiwa? Ni nani?"